Tirzah kwa Mama Mdogo

Bonde la San Luis, Colorado
4 Oktoba

Mdogo wangu Maren,

Natumai barua hii inakukuta na afya njema. Sisi tunaendelea. Viazi vimevunwa vyote, na Royce anakusalimu, ingawa mume wangu huyu alisita kwanza, hakujua kama atume salamu au anyamaze.

Tangu maziko ya mama hatujasemezana. Ulisema mbele ya watu kwamba mama, kwa kutusomesha nyumbani, alitufunika kama vifaranga chini ya tenga, nami nikakwambia usikanyage kwangu tena. Leo nakuandikia kwa kuwa siwezi kukupigia simu. Nimepasuliwa koo, uvimbe ukaondolewa. Si saratani, lakini daktari amenikataza kusema, hata kunong'ona, mpaka theluji iyeyuke. Nikikaidi, sauti haitarudi.

Unajua nyumba hii inavyosoma. Asubuhi zaburi na sala, halafu hesabu, halafu historia, vyote kwa mdomo wangu. Sasa meza iko kimya. Wale pacha, Asa na Jubal, bado wadogo, baba yao anawamudu. Lakini binti yetu Tirzah keshampita baba yake kimasomo. Jana nilimkuta dirishani, kitabu cha hesabu kimelala mapajani, macho yako mbali kwenye mashamba matupu.

Shule unayofundisha siipendi, na sifichi. Shule inayolishwa na serikali haiwezi kulitaja jina la Mungu asubuhi, na mtoto asiyelisikia asubuhi atalitafuta wapi mchana? Ila wewe ni damu yangu. Je, mtoto wetu atapata nafasi huko?

Dada yako,
Thelda


Denver
13 Oktoba

Dada Thelda,

Pole, pole sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, koti sijavua. Mimi mzima, namshukuru anayeshukuriwa.

Nafasi sigawi mimi, dada. Shule yetu ya mkataba inajiendesha yenyewe, lakini fedha ni za umma, kwa hiyo ni ya kila mtu. Haina karo wala haichagui dini. Majina yakizidi viti, tunachota jina kwa kura ya bahati. Familia moja inahamia Texas na kiti kimoja kitabaki wazi. Nimeandika jina la Tirzah pamoja na wenzake, na wakati wa kura sitatia mkono wangu. Akikosa, aje kwangu hivyo hivyo, chumba kipo, na nitamfundisha mwenyewe jioni.

Kuhusu lile tenga, nusu yake bado naiamini. Nusu nyingine ni kwamba chini yake palikuwa na joto.

Mdogo wako,
Maren


Denver
22 Novemba

Dada,

Habari za koo? Huku hatujambo, baridi tu.

Tangu kura imwangukie Tirzah na Royce amlete, nyumba yangu imebadilika sauti. Siku ya kwanza darasani alisimama mwalimu alipoingia, peke yake, na wenzake wakacheka. Mvulana mmoja akamuuliza, "Wewe umetoka karne gani?" Akajibu, "Ile ya viazi." Wakacheka tena, lakini safari hii pamoja naye.

Kusoma na kuandika amewaacha mbali. Maabara ndiyo iliyomtisha, hajawahi kugusa hadubini. Chakula cha mchana anakiombea kwa kichwa kilichoinama, na hakuna anayemkataza. Mimi mwalimu siwezi kuomba naye pale. Yeye anaweza.

Ila asubuhi alikuwa hali. Mayai yanapoa, anayatazama tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama mdogo, siku haijafunguliwa."

Nikaitafuta Biblia ya mama na kumsomea. Sikuwa nasali, dada, nilikuwa nasoma tu. Usinihesabie. Lakini amekula.

Mdogo wako,
Maren


Bonde la San Luis
17 Januari

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi wazima, tumezikwa na theluji.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na wivu. Barua za Tirzah zimejaa nyota na tone la maji lenye viumbe ndani yake. Nimeota ninafundisha, maneno yanatoka kinywani kama chembe za theluji, watoto wanayakinga kwa viganja, na yanayeyuka kabla hayajasomwa. Nilipoamka nikakaa mezani. Ukimya ukiwa mrefu, nyumba huanza kusema. Nilisikia mbao zikijinyoosha, pacha wakipumua chumbani, na nadhani nilimsikia mama akifungua ukurasa.

Daktari anasema Machi nitaanza kusema. Machi Tirzah arudi. Meza yake inamngoja.

Dada yako,
Thelda


Denver
6 Machi

Dada mpendwa,

Nafurahi koo linapona.

Tirzah hataki kurudi. Analia akiniambia, na anakataa kukuandikia. Anasema neno kama hilo husemwa uso kwa uso.

Sitakudanganya kwamba shule yetu ni paradiso. Mwalimu wa sayansi alituacha katikati ya baridi, na darasa zima lilikaa muda mrefu likisimamiwa na yeyote aliyepita. Mezani kwako hakuna mtoto anayesahauliwa. Lakini binti yako ameanza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda. Nitamleta Jumamosi. Msikilize kabla hujaitumia hiyo sauti.

Mdogo wako,
Maren


Bonde la San Luis
16 Machi

Maren wangu,

Natumai mlifika salama, na kwamba barabara ya mlimani haikuwa na barafu.

Siku ile ulibaki ndani na pacha, hukusikia tuliyosemezana. Tulitembea mpaka shamba la shayiri. Korongo walikuwa wametua kwa maelfu, ardhi yote ya kijivu inasogea kama usingizi. Sauti imenirudia nzito, kama ya mwanamume, na neno la kwanza nililomwekea lilikuwa "Karibu nyumbani." Akanitangulia kabla sijalitamka.

Akasema, "Mama, hapa nilikuwa na majibu yote. Kule nimepata maswali. Mungu sijamwacha. Nimeanza kumuuliza."

Nilikuwa na hotuba nzima, mdogo wangu, nimeitunga miezi yote ile ya kimya. Nikaitazama shingo yake jinsi ilivyorefuka. Nikamwambia asome huko, mwaka huu na ujao. Pacha nitawafundisha mimi, hapa hapa, kama mama alivyotufundisha, na kwa hilo sitaki ubishi.

Asubuhi usome tu bila kusali ukipenda, sikuhesabii. Ila usome.

Mlipoondoka nilisimama getini. Gari likawa dogo, korongo wakainuka wote juu yake. Jina la binti yangu lilikuwa kooni, zima, na nguvu ya kuliita ninayo. Sikuita.

Dada yako,
Thelda