Mzinga Nimeuning'iniza Chini

Mtinko, Singida, 1954

Mdogo wangu Alute, huko mkongeni Tanga,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku wazima, hata yule mbuzi mwizi.

Pombe nimeacha kupika. Kiuno kimegoma: nikiinama kusaga mtama, wananiinua watu wawili, nao wanadai kibuyu cha bure. Sasa nafuga nyuki kwa mzinga wa marehemu shemeji yako. Wanaume wanacheka, "Mama Magdalena, tangu lini mwanamke akapanda mti kutundika mzinga?"

Nikawajibu, "Sipandi. Nimeuning'iniza kwenye tawi la chini, nyuki watashuka wenyewe."

Siku zikapita mzinga mtupu, nikawaza uzee huu nitakula nini. Leo nimetega sikio, ndani wanavuma! Sijui wanazungumza nini, ila hakuna aliyeuliza kama mimi ni mwanamke.

Dada yako mfuga nyuki,
Selina