Nguzo ya Simu Zilizokufa

Jumapili, 2 Februari 2025

Naandika kwa hasira. Mjomba Makame amekuja asubuhi, shikamoo yangu hata hakuipokea. Ameizunguka nguzo yangu pale uani, akauliza: hili kaburi la nani?

Si kaburi! Ni sanaa. Nimemweleza. Matumbawe na chokaa, ndiyo, kama makaburi ya kale ya nguzo. Lakini pale wazee walipopachika sahani za Kichina, mimi nimepachika simu mbovu za majirani, rimoti, chaja. Mtu ajione kama atakavyochimbuliwa miaka elfu ijayo: hawa ndio waliokuwa wakiishi Msambweni, na hivi ndivyo vitu walivyovipenda.

Akasema kaburi haliachwi tupu. Likiachwa, laita mtu wa kulijaza. Lisipovunjwa kufikia Ijumaa, atalivunja yeye.

Alivunje! Mikono imenibabuka kwa chokaa. Jumamosi hoteli ya Diani inakuja kuichukua kwa maonyesho — maonyesho yangu ya kwanza maishani! Avunje mguu wake.

Jumanne, 4 Februari

Mtoto wa Twaiba, jirani, ana homa. Msimu huu nani hana homa? Lakini kufikia adhuhuri majirani wamejaa mlangoni. Maneno ya Mjomba yamewafikia; wanataka simu zao. Zile zile walizonitupia wakicheka, "Chukua takataka zetu, Nusra." Leo zimekuwa roho zao!

Nimezibandua kwa patasi, nimewarudishia. Nguzo sasa kibogoyo, imebaki na rimoti na chaja.

Jumatano, 5 Februari

Meneja wa hoteli amepiga. Nilikuwa nimemtumia picha, nikiomba radhi kwa mashimo.

"Ziko poa, Nusra, inakaa authentic, ya zamani kabisa! Tutaandika ni tomb ya tribe flani ilipotea. Wageni watapenda hiyo story."

Kabila lililopotea! Limepotea wapi, na mimi naongea naye kwenye simu? Na yeye naye — kaburi! Nimemwambia si kaburi, na sisi tupo. Akacheka: relax. Hakuna neno linalonichoma kama hilo.

Lakini sikumwambia asilete lori. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Mwanatumu wa nyumba ya nyuma amekuja baada ya alasiri. Nikajua, huyu naye. Kumbe hakuja kuchukua. Amefungua pindo la leso, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Ya mwanawe Feisal, aliyefia Uarabuni akilinda maghala ya watu. Walimzika huko huko. Kilichorudi ni begi.

Akauliza: na hii itapata nafasi?

Nimefurahi! Hatimaye mtu mmoja aliyeelewa sanaa. Nimeipachika juu kabisa, na chokaa akailainisha yeye mwenyewe kwa kidole, taratibu, kama apakaye mtoto mafuta.

Ijumaa, 7 Februari

Mjomba hakuja. Nasikia nimesemwa msikitini. Waseme. Kesho naondoka nayo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandikia jikoni. Sijui nikae wapi.

Lori limefika na wapakiaji. Bi Mwanatumu alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya nguzo, yeye na wanawake wanne. Chetezo cha udi. Marashi yamenyunyizwa hadi kwenye rimoti. Wanasoma Yasini.

Nimesubiri wapumue, nikainama sikioni mwake: Bi Mwanatumu, hili si kaburi.

"Najua, mwanangu. Lakini alikozikwa sipajui. Hapa napajua."

Nimekimbilia humu nikalia kwa hasira. Hasira kwa nani? Kwa wale waliomfukia mtoto wa watu bila kumuuliza mamake. Kwa meneja, anayepiga simu na mimi siipokei. Na kwa nafsi yangu, maana bado nataka iende Diani. Bado!

Kisha, kupitia dirishani, nikamwona Mjomba akiingia uani na mtarimbo. Nikasema moyoni, afadhali. Vunja, yaishe.

Amesimama nyuma ya wale wanawake. Ameuegemeza mtarimbo ukutani, akavua viatu. Sasa yuko mlangoni hapa, ananiuliza kwa sauti ya chini:

"Nusra, umelielekeza kibla?"

Sikuielekeza kokote. Niliiweka upande wenye mwanga mzuri wa picha. Dereva anapiga honi, na Mjomba bado anangoja nimjibu.