Mtori wa Mama Mkwe

Kimandolu, Jumatano usiku

Nimeumaliza mtori wote. Na daktari Mwingereza alinionya kwamba moyo umechoka kubeba unene huu, akaniagiza nile ndizi kidogo, maharage, nyama isiyo na mafuta, mboga nyingi. Nimeyafuata tangu mavuno. Gauni limeanza kunipwaya.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Tengeru na chungu cha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, samli ikielea juu.

"Umekonda. Watu watasema mwanangu hakulishi."

Chakula cha mkwe hakirudishwi. Nikala, yeye akinitazama. Sikusikia ladha, wala hasira. Nilikuwa nameza tu.

Mwishowe nikamwambia, "Mama, moyo wangu ni mgonjwa."

Akanishika mkono kwa upole. "Ndiyo maana nimekuletea," akasema, akanijazia bakuli tena.