Macho Haya ni ya Nani

Jumanne, 4 Machi 2025

Bungoma, kliniki ya macho. Jicho la kushoto lina presha. Daktari Mathenge ameniangalia kwa ile mashine ya kuegemeza kidevu, akasema kuna unga mweupe juu ya lenzi, kama mba. Mba ndani ya jicho! Ati unaziba njia ya maji, presha inapanda, mshipa wa jicho unakufa polepole. Matone kila jioni, maisha yote.

Kisha akataka damu. Utafiti. Ati jeni ile ile kwa watu wa nchi fulani inaleta huu unga, kwa wengine inakinga, ndiyo maana wanataka damu za huku pia. Jeni gani hiyo ya kuhama kambi kama mwanasiasa? Nikauliza inapelekwa wapi. Maabara. Maabara ipi, hakusema vizuri. Sikutoa.

Akauliza kama baba alikuwa na shida ya macho. Nikasema ndiyo, alikufa kipofu. Akaandika haraka, amefurahi. Sikumwambia kwamba baba yangu alikuwa mwanamke.

Alhamisi, 6 Machi

Endebess, nyumbani. Nimekosa raha.

Kogo, huyo baba yangu, hakujaliwa mtoto. Akamtolea mama ng'ombe, akamwoa, kama mila yetu ya Wanandi inavyoruhusu. Shamba lake, jina lake, sisi wake. Mwanamume aliyemzalisha mama hatajwi, haulizwi. Nimekua hivyo na halijawahi kuniwasha.

Lakini damu ya Kogo haimo mwilini mwangu. Yeye alipofuka kwa ugonjwa wake mwenyewe. Nilimjibu daktari kwa mila, yeye akasikia damu. Basi huu unga nimeutoa wapi?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nikamsimulia mama habari za kliniki, kisha nikamuuliza kwa kuzunguka: kuna mtu wetu mwingine mwenye shida ya macho? Akaacha kuchambua mboga.

"Si umwambie daktari ni Kogo. Kwani wewe uko na baba mwingine?"

Halafu ati hao watu wa damu wanatafuta kuvunja boma za watu. Akaingia jikoni na mboga nusu.

Nilikuwa namshuku daktari peke yake. Sasa namshuku mama, na kila mzee aliyekaa mbele yangu kanisani.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Kimeli, jirani wa ng'ambo ya mto, ameleta maziwa kwenye kituo changu cha kununua maziwa. Akaweka mkebe pembeni kabisa mwa meza — nikaudaka. Anageuza kichwa chote ndipo anione, kama kuku.

"Mzee, macho je?"

"Ni uzee, bana. Ya kulia ilienda. Hii ingine bado inanionea njia."

Nimekumbuka mambo. Alileta ndama siku ya harusi yangu na hakuna aliyesema kwa nini. Mama hampi mkono, hata msibani.

Nimejitazama kwenye kioo sana. Masikio. Kidevu. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempigia Mulki, nesi wa kliniki. Huu unga ukiuona kwa mtu mwingine, ni lazima muwe damu moja? Akasema hapana, wazee wengi wanao hata kama si ndugu. "Lakini dada, kama kuna mzazi hai, mlete haraka. Jicho ikikufa hairudi."

Kwa hiyo sina ushahidi. Na nikinyamaza, mzee anabaki gizani. Mila haina neno kuhusu hilo.

Jumatatu, 17 Machi

Bungoma tena. Nimemleta Mzee Kimeli. Nilimdanganya ati kliniki inapima majirani bure. Hakuuliza swali hata moja, na hilo ndilo linalonitia shaka. Alikuwa amevaa koti la harusi za watu.

Daktari ametazama. Unga ule ule. Jicho moja halina dawa, hili lingine linaokoleka wakimpasua leo.

Mzee amekataa. "Mimi sipasuliwi kama hakuna mtu wangu hapa."

Wanawe hawajui alipo. Mulki amesema si atupe namba wapigiwe. Mzee amegeuza kichwa chote upande wangu, ametulia hivyo.

"Dada, kwani wewe ni nani wake?"

Nimemwambia Mulki angoje kidogo, naandika kitu. Bado amesimama na kalamu yake, anasubiri kujaza jina la ndugu kwenye fomu. Mzee naye bado ananitazama kwa lile jicho moja, na mimi sijainua uso.