Mdomo Unatembea, Sauti Hakuna

Jumatatu, 2 Juni

Sasa amekuwa mnene! Baada ya yote yale — mnene! Mume wangu, ambaye suruali zake nilikuwa nazipunguza kiuno mwenyewe kwa sindano, leo nimemwona kwenye kompyuta ana mashavu kama mpuliza tarumbeta. Nikamuuliza mwanangu Kijiko, huyu nani? Akasema si baba? Nikasema baba yako wewe labda, mimi huyu sikuolewa naye. Kumbe kaivuta picha ijae kioo chote, pembeni pasibaki weusi. Weusi unamkera. Baba yake kuvimba hakumkeri!

Eti mama, vioo vya siku hizi ni vipana. Sasa kioo kikiwa kipana ndiyo mtu avutwe kama lastiki?

Haya, nimetulia. Sijatulia. Naisemesha simu, inaandika yenyewe, mkwe wangu, mke wa Kijiko, ndiye kaniwekea, maana mimi kalamu naijua ya kujikunia mgongo tu.

Kanda yenyewe anayoihamishia kwenye kompyuta ni moja. Ya mwaka ule koo lilipomshika mume wangu, daktari akasema sauti itatangulia, mwenyewe atafuata. Mume wangu akamwita mpiga picha wa mtaa wa nyuma, aje na ile kamera ya kubeba begani. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, akasema na kila mmoja wetu. Nyingine hatuna. Na hii imeanza kuota ukungu. Mpiga picha kaishika juani akaigeuza-geuza, akasema shemeji, kila ikipita kwenye deki ya video inakwanguka, msiichezee. Deki nayo ni yake, katuazima, yetu ilikufa zamani.

Basi Kijiko anaichezea! Programu ya kwanza kaichukua kwa sababu ni ya bure. Ikampiga mume wangu chapa ya maandishi, makubwa, yamempita puani. Mtu anaaga watoto wake na usoni kaandikwa tangazo! Nimesema toa. Toa leo leo.

Jumatano, 4 Juni

Hasira hata chai imenishinda.

Programu mpya. Maandishi hakuna. Mume wangu kakonda — ndiye, ndiye mwenyewe, na lile shati lake la mistari. Nikasogeza kiti. Nikafuta miwani. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti yangu! Mimi! Nasema, nani kachukua mfuniko wa sufuria kubwa, kila siku mfuniko, nyumba hii ina jini la mifuniko? Mume wangu kaweka mkono kifuani, macho yamemlegea, anasema habari za mfuniko. Mkwe wangu kakimbilia uani. Nimemwona mabega yanavyotikisika, asidhani sikumwona.

Kumbe kompyuta ina sikio lake. Na pale pa kuchagua sauti itoke wapi, Kijiko kaliacha hilo sikio badala ya waya wa deki. Kanda nzima imekwanguliwa, kilichorekodiwa ni jikoni kwangu! Nikamwambia, wewe ulikaa mbele yake mwanzo mwisho, hukusikia? Eti alikuwa anaangalia picha. Picha! Baba yako alikaa pale ili apendeze?

Mfuniko ulikuwa kwa jirani mshonaji. Anafunikia ndoo. Huyo naye ana siku yake.

Ijumaa, 6 Juni

Kimya.

Waya ni wa deki safari hii, kaapa. Mdomo unatembea, sauti hakuna. Kiti kinalia, nakisikia. Mlango unafungwa, nausikia. Mume wangu simsikii!

Nikamwambia niwekee kwenye kile kidude cha kuchomeka. Nikaenda nacho kwa mpiga picha kwa magoti yangu haya, mlima wote ule, na vijana wanapita na pikipiki hawakuulizi hata bibi unaenda wapi. Mpiga picha kasikiliza, karudia. Akasema shemeji, mwanao kaweka tiki mahali pa kuondoa kelele. Ile programu inatafuta chochote kinachovuma, kinachokwaruza, inakifuta wakati ule ule inaporekodi. Na marehemu alikuwa kabakiwa na ile sauti ya upepo tu.

Mashine imemchukulia mume wangu ni kelele!

Mtu anavuta pumzi, anatoa neno, anapumzika, anavuta tena — nilikuwa namshikilia mgongo mimi — halafu unakuja wewe na tiki yako!

Nimerudi, Kijiko kayapata yake. Akajitetea, mama, watu wote wanaondoa ule mvumo, unaharibu. Nikasema huo mvumo ndio baba yako! Akawa anaukunja waya, anaukunjua. Mtu mzima ana mvi kidevuni, anakunja waya.

Mpiga picha kasema kanda itapita mara moja tu. Isipokatika.

Jumamosi, 7 Juni

Tulikuwa tunachambua nguo za kufua, mkwe wangu akasema, mama, usimseme sana mwanao. Nikasema simsemi, namfokea. Akasema, unajua akirekodi anazima spika? Anaangalia vile vimistari vya kijani, vya sauti, vinavyopanda na kushuka. Akiona vinacheza anasema tayari. Neno la baba hajasikia hata moja.

Nikakaa juu ya nguo chafu.

Siku ile ya kamera Kijiko alikuwa nje anaziba pancha. Baba yake akasema mwiteni. Nikatoka, nikaita. Akasema ngoja nimalize. Pancha gani ya adhuhuri mpaka giza? Baba yake akamwambia yake hivyo hivyo, anaangalia dirishani. Na tulipokuwa na deki yetu, kila tukiiweka hiyo kanda Kijiko ana safari. Mara kazini wanamtaka. Mara gari la rafiki limezima. Nami nikimfungia na chakula cha njiani! Mjinga mimi.

Hasira imegeuka ikawa hasira nyingine. Lakini ni hasira.

Jumapili, 8 Juni

Nimesema kwangu leo spika haizimwi. Akaomba avae hedifoni. Haya, vaa. Lakini mipangilio nimesimamia mwenyewe. Picha usiivute. Sauti waya wa deki. Tiki ya kelele toa — sogea nione kimebaki kiboksi kitupu. Akasema faili litakuwa kubwa mno, kompyuta itajaa, tulibane kidogo. Nikasema futa mipira yako. Mama, ni fainali! Futa. Kafuta moja moja kama anazika.

Inazunguka sasa. Mimi nimekaa koridoni, mlango nimeuacha wazi kidogo, namwona mgongo. Deki inalia kriii, kriii, sauti siipendi. Kwenye kanda mume wangu kwanza anasema na mdogo wake, habari za shamba, hapo ni parefu, alikuwa mtu wa maneno hata bila koo. Halafu dada yake Kijiko. Halafu ndiyo Kijiko, mimi wa mwisho.

Imefika kwake. Kainama.

Mkono huo — usivue! We! Nakuona! Kaurudisha.

Asiegemee meza jamani, meza ikitikisika deki itaruka. Alie baadaye, siku zipo. Sasa asikilize. Kriii imezidi. Nikiingia nitasema neno, nikisema neno atapata sababu ya kusimama. Sisogei hapa. Nimeuma kanga.

Ananiita. Nini tena, imekatika? Kijiko, imekatika?

"Mama, njoo! Baba anakuita."

Anaita nini naye, na mimi nimekaa muda wote hu— Haya. Mwambie nakuja. Nakuja!