Thabo na Kile Kijito cha Alaska

Troyeville,
Johannesburg,
Afrika Kusini.

23 Novemba 2003

Mpendwa Kaka Khatibu,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Zabibu, na kwamba funga inakwenda vizuri pamoja na joto hilo la Tanga. Goti lako linaendeleaje? Kijana wako Pandu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unaswali umekaa kitini, nami tangu hapo nakuwaza. Tafadhali nenda hospitali, usingoje mpaka Idi ipite.

Sisi huku miili ni mizima. Mvua za alasiri zimeanza, zile za radi na mawe, na juzi zilivunja kioo cha dirisha la jikoni. Dukani Fordsburg nashinda nimesimama, maana watu wananunua vitambaa vya Idi, na nikirudi nyumbani miguu inawaka moto. Lakini hayo si ya kunikalisha chini na kalamu. Nakuandikia kwa sababu ya shemeji yako Thabo.

Najua mmepata habari nusunusu. Wifi aliniuliza kama ni kweli binti yetu Lerato alichukuliwa na maji huko Marekani, na simu ikakatika kabla sijamjibu. Hakuchukuliwa na maji. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa kuna jambo nataka kukuuliza, na hutaweza kunijibu bila kujua mwanzo wake.

Unakumbuka mwezi wa nane tulikwenda Alaska kumtazama Lerato. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mumewe Filbert alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta, kaskazini kabisa, ambako hukaa wiki nzima nzima bila kuja nyumbani. Thabo alifurahi safari ile kuliko mimi. Alinunua viatu vipya vya kutembelea, akavivaa humu ndani mpaka nikamwambia ataviharibu kabla hatujafika.

Jumamosi moja Lerato akasema anatupeleka kutembea msituni. Ni njia rahisi, alisema, ya tambarare, watu wanapita na watoto mgongoni, na daktari wake mwenyewe amemwambia atembee. Mimi sikutaka kwa ajili ya dubu. Akanicheka, akasema dubu akisikia watu hujiondokea, tupige kelele tu. Basi Thabo akaimba njia nzima, zile nyimbo zao za uhamishoni, za kambini Morogoro, nami nyuma yake nikisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo.

Njia ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Miti mirefu myembamba, ardhi laini kama godoro, na vitunda vyekundu kila mahali. Katikati ya safari kuna kijito. Asubuhi tulipokivuka maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu tu. Tulikanyaga mawe, Thabo kamshika Lerato mkono, tukatoka ng'ambo tunacheka kwa baridi. Tukaenda mpaka ziwani, tukala chapati nilizopika alfajiri. Lerato alichoka akataka kujinyoosha, kwa hiyo tukakaa zaidi ya tulivyokusudia, na jua likawa kali.

Kumbe kijito kile chanzo chake ni barafu ya milimani. Jua likipanda, barafu inayeyuka na maji yanajaa. Tuliporudi, yale mawe ya asubuhi hayakuonekana. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, yanakwenda mbio, na kelele yake ilitulazimu kusemezana kwa sauti kubwa.

Thabo akasema atangulie yeye apime kina, halafu arudi atuchukue mmoja mmoja. Akabeba mikoba yote akaingia. Maji yakamfika mapajani. Katikati akateleza, akapiga goti, mkoba mmoja ukaenda zake, lakini akainuka akafika ng'ambo. Nikashusha pumzi. Nikamngoja arudi.

Hakurudi, kaka. Alisimama ukingoni akiyatazama maji, mikono imemning'inia. Nikamwita. Lerato akamwita. Hakuwa mbali, uso wake nilikuwa nauona vizuri, lakini hakuitika. Nimeishi na mtu huyu tangu nilipokuwa msichana nyumbani kwako Morogoro, na sijapata kumwona hivyo. Alikuwa kama hatujui.

Hapo ndipo Lerato aliposhika mti akainama. "Mama, tumbo," aliniambia. Unajua mtoto yule, tangu tuhamie huku akiwa mdogo, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Siku ile neno lilimtoka kwa Kiswahili, na hilo lilinitisha kuliko maji. Simu yake haikushika mtandao. Nikampigia Thabo ukelele kwamba kama haji, basi akimbilie barabarani alete watu. Hata hilo hakulisikia.

Mungu si Athumani, akatokea mama mmoja mwenye mvi na mbwa wake, anatoka ziwani na fimbo mbili za kutembelea. Alimtazama Lerato mara moja tu, akaniuliza, "Wa miezi mingapi?" Nikamwambia. Akasema tusivuke pale, maana panapobana ndipo penye kina. Twende chini ambako maji yanatawanyika. Akatupitisha vichakani mpaka mahali kijito kimekuwa kipana. Lerato akamweka katikati yetu, tukashikana mabegani, tukaelekeza nyuso maji yanakotoka, tukawa tunasogea ubavuubavu kama kaa.

Baridi ile siwezi kukueleza. Nilidhani miguu si yangu tena. Lerato alining'ang'ania bega mpaka kucha zake zikaacha alama. Nikawa namwambia, "Hatua, mwanangu. Nyingine." Naye ananijibu, "Ndiyo, Mama," kila mara, mpaka tukatoka.

Thabo alikuwa ametufuata kwa upande wake wa kijito. Tulipotoka alivua koti lake akamfunika Lerato. Gari ilibidi aendeshe yule mama, maana Thabo alimkabidhi funguo mwenyewe na mimi sijui kuendesha. Hospitali walimpa Lerato dawa, uchungu ukatulia, wakamwamuru alale kitandani hadi wakati wake. Filbert akaja. Sisi likizo zikaisha tukarudi, na mwezi wa kumi mtoto akazaliwa salama. Habari hizo mnazo, na mnajua amepewa jina la marehemu mama yetu, Amisa.

Sasa nifike kwenye kinachoniumiza. Tangu turudi, Thabo si Thabo. Anakwenda shule kufundisha hesabu zake, anarudi, anakaa. Simu ikilia na akijua ni Lerato, anatoka uani, au anakwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate wakati mkate upo. Miaka yote hii, ingawa yeye hafungi, mwezi wa Ramadhani hunipikia uji wa kufuturu, ananiambia mkono wake unajua pilipili manga kuliko wangu. Mwaka huu hajaigusa sufuria. Mwalimu mkuu alinipigia simu dukani kuniambia alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, mpaka wanafunzi wakatoka wenyewe. Nilijibu kwamba ana malaria. Kaka, niliogopa. Bado naogopa. Nikiwa kazini nawaza nitakachokikuta nyumbani, na taksi ikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, natamani nishuke nikimbie kwa miguu.

Ijumaa Lerato akapiga akaniambia, "Mpe Baba simu, na usimruhusu aondoke." Nikasimama mlangoni. Thabo akaipokea kama kitu cha moto. Lerato akazungumza sana, yeye anasikiliza tu. Mwishowe akauliza, "Maji ya kile kijito yameshuka?"

Lerato alipaza sauti, nikamsikia mpaka pale nilipo. "Kimeganda, Baba. Watu wanatembea juu yake."

Thabo akaziba macho kwa kiganja. Baadaye akamwomba amsikilizishe mtoto. Sidhani kulikuwa na cha kusikia zaidi ya pumzi, lakini alishikilia simu sikioni mpaka kadi ya simu ya Lerato ikaisha.

Nikadhani atatoka uani. Akaniambia, "Eish, Tabia, kaa." Ndipo akanieleza. Kabla hajafika Tanzania, wakiwa vijana wanatoroka nchi hii enzi za makaburu, walivuka mto wa mpakani umejaa. Alikuwa na rafiki yake anaitwa Brighton, wa mtaa mmoja kule Alexandra. Thabo alitangulia, akafika. Brighton akashikwa na maji katikati, akamwita kwa jina. Thabo alisimama ukingoni. Hakuingia. Brighton hakuonekana tena. Thabo aliporudi kutoka uhamishoni mama yake Brighton alikuwa hai bado, alimwuliza mwanawe alikufaje, na Thabo akamjibu kwamba ni homa. Mama yule amezikwa na jibu hilo.

Nimezaa na mtu huyu, nimezeeka naye, na jina la Brighton nimelisikia Ijumaa. Sina hasira. Ila sijui nimshike wapi nisimwumize. Anasema alipotuona sisi ng'ambo alimwona Brighton, na miguu ikakataa.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Nyinyi wawili mlikuwa mkikaa barazani Morogoro mpaka mimi nachoka kuwapashia chai. Ndiwe uliyemwombea kwa baba yetu wakati wote wanasema mgeni asiye na nchi hawezi kuoa kwetu. Je, alipata kukwambia habari hii? Kama alikwambia, nieleze alisemaje, na wewe ulimjibu nini. Kama hakukwambia, usimwoneshe kwamba unajua. Mpigie tu, kama unayetaka kumwuliza mambo yako mwenyewe. Anakupenda na sauti yako ataipokea.

Nafanya haraka kukuandikia kwa sababu leo asubuhi ameamka, amenyoa ndevu, akaniambia anakwenda Alexandra kumtafuta dada yake Brighton, amwambie ukweli. Nikataka kumsindikiza, akakataa. Sijui huyo dada atampokeaje. Anaweza kumfukuza, na nitamlaumu vipi? Mvua imeanza, kubwa, na hajarudi. Naandika huku nasikiliza geti.

Nisalimie sana wifi Zabibu, mwambie vitenge vyake nimeviweka, nitampa mtu wa kuaminika. Msalimie Pandu, na shangazi Fauzia, na umwambie shangazi kwamba mjukuu Amisa ana paji la uso la ukoo wetu. Mwenyezi Mungu azipokee funga zenu, akuponye goti, awafikishe Idi mkiwa wote mezani. Na katika dua zako mtaje shemeji yako kwa jina.

Naiacha kalamu hapa nibandike maji motoni. Atarudi amelowa.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Tabia