Chumvi ya Arobaini Yako

Bi Mwanaidi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, na sitaanza leo eti kwa sababu umelala mchangani.

Nina jambo limenikaba. Nimelizungusha tangu siku ya arobaini yako, nikilimeza linapanda, nikilitema linarudi. Sasa nakaa hapa uani kwangu Tandika, karatasi juu ya sinia, sinia juu ya magoti, nikuandikie kama ulivyonifundisha kusema: moja kwa moja, bila kuzunguka nyumba.

Chakula cha hitma yako hakikuwa na chumvi.

Naam. Wewe uliyepikia nusu ya harusi za Buguruni, watu wakala chakula chako cha mwisho kama wanatafuna pamba. Mpishi nilikuwa mimi. Ndugu zako walinipa kazi ile wakasema nani mwingine, Mwajuma ndiye mkono wake wa kulia. Nikaona kichwa kinanivimba. Siku ile nilikagua kuni mwenyewe, nikachagua mchele mwenyewe, nikaangalia upepo unatokea wapi kabla ya kupanga mafiga, kama ulivyotufundisha. Nilifanya kila kitu ulichonifundisha kufanya. Chumvi hukunifundisha. Chumvi ulikuwa unatia wewe peke yako, kwenye nyama na kwenye mchele, hata siku ile una homa ulikuja umejitanda blanketi ukatia, ukarudi kulala.

Unajua nilifanyaje? Supu ilipochemka nilifunua sufuria, nikasogea hatua mbili pembeni. Nilikupisha. Miguu yangu ilikuwa inakusubiri, Bi. Nikasimama pale na mwiko mkononi, kisha mtu akaniita kuhusu maji, nikarudi nikatia mchele, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Harufu ilikuwa nzuri mno. Hakuna aliyeonja, kwa sababu kuonja nako kulikuwa kwako.

Masinia yakatoka. Nikaona watu wanatafuna polepole, wanatazamana. Dada yako, Bi Tatu, akaweka tonge lake chini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo kweli Mwanaidi amekufa."

Laiti ningenyamaza hapo. Wanawake wote walinigeukia, na mimi nikasema, "Chumvi alikuwa nayo Pili."

Pili, Bi. Pili wetu wa kwenye moto, aliyekuja kwako mwaka mmoja baada yangu, ambaye tumelala naye mkeka mmoja kwenye shughuli za watu tusiowajua hata kwa sura. Alikuwa amechutama anapuliza kuni, macho mekundu kwa moshi na kwa kukulilia. Aliniangalia. Alijifunga kanga yake, akatafuta ndala zake, akatoka. Wote wakaamini, maana mtu anayeondoka bila kujitetea huonekana ana hatia.

Nilijiambia nitakwenda kumwomba radhi kesho yake. Kesho ikazaa kesho nyingine. Ikawa mwezi.

Mwanangu Rehema, unamkumbuka, yule wa duka la stesheni, akaniona nimenyong'onyea akadhani nina hofu ya kazi. Akawa ananionyesha kwenye simu watu waliovaa suti wanaozungumza haraka. Miliki kazi yako, mama. Andika malengo. Amka kabla ya wenzako. Nilicheka, maana wewe ulikuwa unaamka kabla ya majogoo na suti hukuwa nayo. Lakini nikafanya. Nikaandika nyuma ya kalenda: nitakuwa mpishi mkuu, nitajifunza chumvi. Kila alasiri nikapika kilo moja ya wali, nikapima chumvi kwa kijiko, nikaandika, nikaonja, nikagawia majirani mpaka wakaanza kunikimbia. Baada ya wiki tatu mkono wangu ulikuwa unajua. Kilo moja si kilo ishirini, lakini ulikuwa unaanza kujua.

Nikanunua na daftari, nihamishie humo vipimo vya vijiko na kila siku niandike nilipokosea. Ukurasa wa kwanza nikaandika hivi: "Siku ya arobaini chumvi ilisahaulika."

Nikaitazama ile sentensi. Nikakusikia, Bi, wallahi nilikusikia. Kumbuka siku ile ya Kiwalani nilipokuambia wali umeungua. Ulinishika sikio mbele ya watu, mimi mama wa watoto watatu. "Haukuungua. Umeuunguza. Sema tena." Ukanishikilia mpaka nikasema nimeuunguza, ndipo ukaniachia na kwenda mwenyewe kwa mwenye shughuli kumwambia, "Nimeunguza sufuria moja, mama, nipe saa moja." Ulisema ni wewe! Nilidhani siku ile unajipendekeza kwa mteja. Ujinga wangu. Ulikuwa unaweka chumvi mkononi mwako peke yako ili chakula kikiharibika watu wamtafute mtu mmoja, wasitutafute sie. Nami siku nilipopewa kiti chako, jambo la kwanza nililofanya nikiwa nimekikalia ni kumsukuma Pili.

Na hapo, kama vile Mungu alitaka kunikamata vizuri, Mama Saumu wa Temeke akanipigia. Anamwoza binti yake, watu mia nne, anataka mkono wa Mwanaidi. Alikuwepo kwenye hitma. "Nakupa wewe kazi, Mwajuma, ila sharti moja. Yule aliyesahau chumvi asikanyage kwangu."

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Niliikata simu nimejaa furaha, na furaha ile ilidumu mpaka nilipoanza kuhesabu wa kunisaidia nikafika kwenye moto. Sufuria sita za kilo ishirini, nani atazipalia? Hapo ndipo nilipoona nimejifungia mlango na ufunguo nimeuacha ndani.

Nilikwenda Kiwalani, anakokaa Pili, siku tatu kabla ya harusi. Pili alikuwa anaanika nguo. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Akamaliza kuanika, akachukua beseni lake, akasema, "Umenisema mbele za watu. Huku uani kwangu unaniomba radhi mbele ya kuku?"

Akaingia ndani.

Nilizunguka siku nzima na hilo. Sikuweza kula, nilikuwa namjibu Rehema vibaya. Nikimwambia ukweli Mama Saumu, kazi imekwenda, jina limekwenda, na wapishi wa Temeke wana midomo mirefu kuliko miiko yao. Nisipomwambia, napika harusi ya kwanza ya maisha yangu juu ya mgongo wa Pili. Mficha uchi hazai, ulikuwa unatuambia kila tunapoona haya kuuliza. Sikujua kwamba hata kuvua kunaweza kukunyima mtoto.

Kesho yake nikamfuata Pili tena nikamwambia vaa twende. Akavaa.

Mama Saumu alikuwa barazani na Bi Tatu na wanawake watatu wa shughuli, wanachambua mchele. Wote walikuwa kwenye hitma yako. Nilitoa shikamoo. Kisha nikasema, "Aliyesahau chumvi siku ile ni mimi. Pili hakuwa nayo. Nilimsingizia."

Mikono yote ikasimama kwenye mchele. Nilitamani mtu anitukane ili nipate pa kushika. Mama Saumu akapepeta ungo wake mara mbili, tatu. "Mie nilisema aliyesahau chumvi asikanyage kwangu. Sijabadilisha neno." Akamgeukia Pili. "Wewe utaiweza?"

Bi, nilimwona Pili anautazama ule mchele. Hajawahi kutia chumvi hata siku moja, kama mimi. Akasema, "Nitaiweza. Ila huyu namtaka kwenye vitunguu."

Mama Saumu akaguna, akasema haya, vitunguu tu, sufuria asiguse. Ndiyo hivyo. Harusi ilikuwa jana. Pili ndiye alikuwa mpishi, na mimi mwanafunzi wako wa kwanza nilikata vitunguu tangu alfajiri, huku wale wanawake wakipita na kunong'ona juu yangu kwa sauti ya kusikika. Usiku wa kuamkia jana nilimpelekea daftari langu la vijiko. Alilisoma, akanirudishia, hakusema asante. Lakini supu ilipochemka, nikamwona ameshika bakuli la chumvi, ananitazama. Nilijua anachotaka. Nilitaka mno kulichukua lile bakuli, sikufichi. Nikasogea pembeni, nikainama kwenye vitunguu vyangu.

Akatia. Akaonja. Akaongeza kidogo, akaonja tena, akafunika.

Watu walikula. Hakuna aliyetaja chumvi, na wewe unajua chumvi ikikaa sawa hakuna anayeitaja. Nililia, na nilikuwa na vitunguu vya kusingizia, lakini Bi Tatu aliponiuliza nikamwambia ukweli. Nililia kwa wivu, na kwa kukukumbuka, na kwa kuwa mzigo ulikuwa umenitoka kifuani.

Nisamehe kwa lile tonge la mwisho. Ule ukurasa wa daftari nimeuchana, nikaandika upya: "Nilisahau chumvi. Nilimsingizia Pili." Nakuahidi kila ukurasa utakaofuata utaanza hivyo, na mimi mbele. Siku nikipewa sufuria tena, hata ikiwa nina nywele nyeupe, nitaitia chumvi mwenyewe na nitasimama pale pale mpaka mtu wa mwisho anawe mikono. Lala, Bi wangu. Mwenyezi Mungu akupe wepesi huko uliko.

Pili bado hajanisamehe. Hasemi nami zaidi ya leta maji, sogeza kuni. Jumamosi ijayo ana kazi Kinondoni. Leo amepita hapa, hakuketi, hakucheka, ameniambia tu nifike saa kumi na moja alfajiri na kisu changu.

Nitafika saa kumi.

Mwajuma